Bodoni na Kipimo Chake

Herufi za Bodoni husemwa mambo mawili yanayokinzana, na mara nyingi wasemaji ni wale wale. Husemwa kuwa ni miongoni mwa herufi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchongwa, kisha husemwa kuwa hazisomeki. Msanifu wa jarida la mitindo huzichagua bila kusita. Mhariri wa kitabu cha kurasa 300 huzikimbia. Wengi wameridhika kulimaliza suala kwa kusema kwamba uzuri na usomekaji ni vitu viwili tofauti, na anayetaka kimoja sharti aache kingine. Sikubaliani na hukumu hiyo. Ukifuatilia ushahidi, kuanzia karakana ya Bodoni mwenyewe huko Parma, karne ya 18, hadi fonti zilizomo kwenye kompyuta zetu leo, utaona kwamba sehemu kubwa ya lawama anazobebeshwa Bodoni inatustahili sisi wa baadaye. Tumechukua herufi iliyokuwa ikichongwa upya kwa kila ukubwa, tukaigeuza mchoro mmoja wa kukuzwa na kupunguzwa tupendavyo.

Tuanze na umbo lenyewe. Chukua H kubwa ya Bodoni. Ina nguzo mbili nene, nyeusi, zilizonyooka, na katikati zimeunganishwa na mstari mwembamba kama unywele. Kwenye miisho ya nguzo, juu na chini, kuna vijistari ambavyo wachapaji huviita serifu. Katika herufi za zamani serifu hujikunja kidogo zikiungana na nguzo, lakini hapa zimelala bapa na kukutana nayo kwa pembe mraba. Kwenye O, unene wote umekaa mbavuni, kulia na kushoto sawasawa, na wembamba umekaa juu na chini, hivyo kwamba mhimili wa herufi umesimama wima kabisa. N kubwa imegeuza mpango huo: nguzo ni nyembamba, mshazari ndio mnene. Kwenye herufi ndogo a, c, f na r, mstari hauishi kwa ncha bali kwa tone la duara. Hakuna mstari uliosita kati ya unene na wembamba. Kila kiungo kimeamua kiwe upande gani. Ndiyo maana ukurasa wa Bodoni uliochapwa vizuri unang'aa namna ambayo herufi nyingine chache huweza, na ndiyo maana pia kosa dogo la uchapaji huonekana mara moja.

Utofauti huu wa unene chanzo chake ni kalamu. Kalamu yenye ncha bapa, pamoja na ile ya mwanzi ambayo waandishi wa Lamu na Pate waliitumia kuandikia tenzi kwa hati ya Kiarabu, hutoa mnene na mwembamba kwa kufuata pembe ya mkono. Kalamu ya ncha kali hufanya kazi kwa njia nyingine: ukikandamiza, ncha hupanuka na mstari hunenepa, ukilegeza mkono, mstari hurudi kuwa unywele. Katika karne ya 18 mwandiko wa Ulaya ulikuwa umeshahamia kwenye ncha kali, na wachongaji wa picha kwenye bamba za shaba walikuwa wakiuiga kwa ustadi mkubwa. Wachapaji wakataka herufi za risasi ziufuate. John Baskerville wa Birmingham, ambaye aliwahi kufundisha mwandiko kabla ya kuwa mchapaji, alijua kwamba kuchonga herufi nyembamba pekee hakutoshi. Toleo lake la mashairi ya Virgil la mwaka 1757 lilihitaji karatasi laini isiyo na mabonde, wino mweusi zaidi, na bamba za moto za kuzikandamiza kurasa baada ya kuchapwa. Mstari ambao zamani ungezama kwenye mikunjo ya karatasi sasa uliweza kuonekana.

Papo hapo malalamiko ya macho yakaanza. Benjamin Franklin, mchapaji kwa taaluma, alimwandikia Baskerville mwaka 1760 kumsimulia jinsi alivyokutana na bwana mmoja aliyedai kwamba herufi hizo zingewapofusha Waingereza. Franklin alichukua karatasi ya sampuli za William Caslon, herufi ambazo Waingereza walizisoma kila siku, akachana jina la mwenyewe na kumpa yule bwana kana kwamba ni za Baskerville. Bwana akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine, na akalalamika kwamba macho yanamuuma. Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama kichekesho, lakini kina uzito wa ushahidi. Sehemu fulani ya maumivu ya macho hutokana na yale msomaji aliyokwisha kuambiwa. Hata hivyo hakithibitishi kwamba maumivu yote ni ya kusadikika tu, na atakayekitumia kumaliza mjadala atakuwa amekipa kazi isiyo yake.

Baada ya Baskerville mambo yalikwenda haraka. Firmin Didot alichonga Paris, mwaka 1784, herufi zenye serifu nyembamba kabisa na mhimili wima. Huko Parma, Giambattista Bodoni alikuwa akielekea upande huo huo. Alizaliwa Saluzzo mwaka 1740, akajifunza kazi katika matbaa ya Propaganda Fide mjini Roma, kisha mwaka 1768 akaitwa kuongoza matbaa ya Mtawala Ferdinando wa Parma. Alianza kwa kutumia herufi za mchongaji Fournier kutoka Ufaransa, akaziiga, akaziacha polepole. Alifariki mwaka 1813 kabla ya kukamilisha kazi aliyoitaka iwe muhtasari wa maisha yake, na mjane wake, Margherita Dall'Aglio, ndiye aliyeitoa mwaka 1818 katika juzuu mbili: Manuale Tipografico. Ndani yake mna seti 142 za herufi wima pamoja na za mlazo.

Wengi huitaja idadi hiyo kama majivuno ya fundi. Mimi naiona kuwa ndiyo shahidi mkuu katika kesi hii. Seti hizo zinapanda kutoka herufi ndogo mno aliyoiita Parmigianina hadi kubwa kuliko zote, Papale, na katika ukubwa mmoja kuna kadhaa zinazotofautiana kidogo kwa upana na uzito, ili mchapaji achague ile inayoufaa ukurasa wake. Fundi alichonga umbo la kila herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Alipotaka kulikagua, aliishika ncha juu ya mwali wa mshumaa mpaka ikashika masizi, akaipiga kwenye karatasi, akatazama alama iliyobaki. Aliiona herufi katika ukubwa ule ule ambao msomaji angeiona. Kama ni ndogo na unywele wake haukuonekana, aliuacha unene kidogo; kama duara limejibana, alilipanua. Herufi ndogo za Bodoni ni pana zaidi, zimeachana zaidi, na tofauti kati ya mnene na mwembamba imepunguzwa. Ule ukali ambao jina lake limeshikana nao siku hizi ni ukali wa herufi zake kubwa. Alikuwa na Bodoni nyingi, na kila moja ilikuwa na mahali pake.

Pingamizi kubwa kuliko yote lilitoka kwa William Morris. Huyu Mwingereza aliyeanzisha matbaa ya Kelmscott mwaka 1891 aliwachukia Didot na Bodoni kwa moyo wote, na aliwahesabu kuwa ndio waliouharibu uchapaji kwa kutoa herufi zisizosomeka. Kipimo chake kilikuwa mchapaji Nicolas Jenson na Venezia ya karne ya 15. Hoja yake ina uzito, kwa sababu herufi haisomwi ikiwa peke yake, na maneno yaliyojaa nguzo nyeusi zilizounganishwa na nyuzi huwa hayashikani vizuri. Lakini tuangalie alikuwa akiona nini Morris katika vitabu vya kawaida vya London ya zama zake. Aliona wajukuu wa Bodoni na Didot, si wao wenyewe: herufi nyembamba zilizochapwa kwa mashine za kasi, kwenye karatasi duni, kwa wino uliofifia, na kwa risasi iliyochakaa mpaka nywele zimekatika. Huko Marekani, mchapaji Theodore Low De Vinne aliliona tatizo hilo hilo akachukua njia nyingine. Pamoja na Linn Boyd Benton alitengeneza herufi za Century kwa ajili ya jarida la jina hilo, katikati ya miaka ya 1890, akiongeza unene wa nyuzi bila kuacha mifupa ya ukoo huu. Morris alitaka kuufuta ukoo mzima. De Vinne alirekebisha unene, na herufi zikasomeka. Naona De Vinne alikuwa karibu zaidi na kiini cha ugonjwa.

Kuna pia ushahidi wa maabara. Mwaka 1932 Donald Paterson na Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipima kasi ya kusoma aina kumi za herufi zilizokuwa zikitumika sana, na Bodoni ilikuwa mojawapo. Aina nyingi kati ya hizo zilikaribiana mno, Bodoni ikiwa humo. Zilizobaki nyuma waziwazi ni herufi za taipureta na zile za mtindo wa Kigothi. Iliyopimwa ilikuwa Bodoni ya risasi, iliyotengenezwa kwa ukubwa wa maandishi ya kawaida na kuchapwa kwa kukandamizwa kwenye karatasi, ambapo wino hutanuka kidogo na kuzinenepesha nyuzi. Chini ya masharti hayo, tuhuma ya Morris haikuthibitika. Miaka zaidi ya mia moja kabla ya hapo, mwaka 1795, Firmin Didot alikuwa ameshayatoa majedwali ya logarithimu ya Callet kwa bamba za kudumu. Kitabu cha namna hiyo hakimsamehe mchapaji hata tarakimu moja isiyosomeka, na ukoo wa Didot haukukimbia kazi hiyo.

Sasa tuulize kipimo kilipotea wapi. Mashine ya kuchonga aliyoibuni Benton huyo huyo katika miaka ya 1880 iliwezesha mchoro mmoja kupunguzwa na kukuzwa, ingawa viwanda makini viliendelea kuurekebisha kwa kila ukubwa. Pigo lenyewe lilikuja na upangaji wa herufi kwa mwanga katika karne ya 20. Sasa palikuwa na filamu moja na lenzi. Lenzi ikisogea, herufi ya kichwa cha habari inakuwa ya maelezo ya chini ya picha. Kompyuta ilirithi mazoea hayo. Uchapaji wa ofseti nao ukaondoa ule mkandamizo wa risasi uliokuwa ukiongeza unene, kwa hiyo nyuzi zilizochorwa nyembamba zikatoka nyembamba vile vile. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliliona hilo kwa macho yake mwaka 1977, alipoletewa kurasa za toleo jipya la kitabu chake zilizopangwa kwa mwanga. Juzuu la kwanza la mwaka 1968 lilikuwa limepangwa kwa risasi ya Monotype, herufi za ukoo huu huu, na hizi mpya hazikuufikia ubora wake. Akaacha kazi nyingine akaunda programu ya kupangia maandishi, TeX, na pamoja nayo fonti za Computer Modern, ambazo kila ukubwa una vipimo vyake. Ile ya pointi 5 ni pana na imara kuliko ya pointi 10 iliyopunguzwa nusu. Mwanafunzi wa hisabati wa Nairobi au Dar es Salaam anayeandika tasnifu yake kwa LaTeX anaitazama kila siku kanuni ya karakana ya Parma ikifanya kazi kwenye vipeo na namba za chini za milinganyo yake.

Mfano wa kinyume chake uko mikononi mwa watu wengi zaidi. Mwaka 1994 kampuni ya ITC ilitoa Bodoni iliyochorwa baada ya kuzichunguza kazi za Parma zenyewe, na iliitoa kwa vipimo vitatu: 6, 12 na 72. Cha mwisho, chenye nyuzi kali kabisa, ndicho kinachokuja ndani ya kompyuta za Apple kikiwa na jina la Bodoni 72. Namba hiyo ni agizo la fundi: mchoro huu ni wa herufi za pointi 72, yaani karibu inchi moja. Mtu hufungua orodha ya fonti, akaiona, akaipenda, akaandikia barua ya pointi 11. Kisha nyuzi zinapotoweka, lawama inamwendea Bodoni.

Kwa Kiswahili madhara haya ni makubwa kuliko kwa lugha nyingi zinazochapwa kwa herufi za Kirumi, na sijaona wasanifu wetu wakilijadili hili inavyostahili. Viambishi vyetu vinavyorudi kila sentensi ni ni-, u-, m-, mu-, tu-, na herufi zinazoviunda karibu zote ni nguzo fupi zilizounganishwa juu au chini. Neno muumini lina nguzo 14 za kimo kimoja zikifuatana, bila herufi ya duara hata moja, bila inayopanda wala inayoshuka, isipokuwa nukta mbili za i. Umuhimu lina nguzo 15, na moja tu, ya h, ndiyo inayochomoza juu. Katika Bodoni ya maandishi makubwa yaliyopunguzwa hadi pointi 9, kinachotenganisha n na u ni uzi mmoja tu: ukiwa juu ni n, ukiwa chini ni u. Uzi ukififia, msomaji anabaki na ua la miti na anakisia neno kwa muktadha. Msomaji mzoefu atakisia sawasawa. Mtoto wa darasa la pili, au mtu mzima anayejifunza kusoma ukubwani, hatakisia. Kwa hiyo kitabu cha kiada cha Kiswahili chenye maandishi ya Bodoni ya mchoro mkubwa ni kosa, hata kama kitabu kama hicho cha Kiitaliano kingevumilika, maana Kiitaliano kina mchanganyiko mwingi zaidi wa herufi za kupanda na za duara.

Wapo watakaosema kwamba skrini za leo zimelimaliza jambo hili, kwa kuwa pikseli ni ndogo mno na uzi wowote unaonekana. Ni kweli kwamba simu nzuri inachora uzi ambao skrini za miaka ya 1990 zingeukatakata. Lakini simu nyingi zinazotumiwa kwetu ni za bei nafuu, husomwa juani, na mwanga wake hupunguzwa ili chaji idumu. Kwenye skrini kama hiyo uzi mwembamba haukatiki. Hugeuka kijivu, na kijivu chembamba juu ya weupe unaong'aa ni sawa na kutokuwepo. Isitoshe, hata skrini ikiwa kamilifu, jicho ni lile lile. Herufi ndogo inahitaji nyuzi nene kwa uwiano kwa sababu ya uwezo wa jicho la msomaji, na wachongaji wa chuma walilijua hilo kabla ya umeme.

Pingamizi jingine husema kwamba watu husoma vizuri kile walichokizoea, hivyo tukizoea Bodoni tatizo litakwisha. Karne ya 19 inaliunga mkono kwa sehemu, kwani Wafaransa walilelewa kwenye ukoo wa Didot na waliusoma bila manung'uniko. Mazoea husaidia kulitambua umbo lililopo. Hayawezi kurudisha uzi ambao haukuchapwa.

Basi Bodoni ifanye kazi gani? Ukiipa ukubwa, haina mpinzani. Kichwa cha makala kwa pointi 60, jalada la kitabu cha mashairi, jina la tamasha kwenye bango: hapo nyuzi zake zinaonekana zote na weupe unaozizunguka unakuwa sehemu ya mchoro. London mwanzoni mwa karne ya 19 waliunenepesha ukoo huu kupita kiasi ili upige kelele kwenye mabango ya bahati nasibu, na mpaka leo herufi hizo zenye matumbo meusi bado zinauza. Jarida la Vogue limebeba jina lake kwa herufi za ukoo wa Didot tangu miaka ya 1950. Harper's Bazaar walipotaka sura mpya mwanzoni mwa miaka ya 1990, msanifu wa herufi Jonathan Hoefler aliwachorea Didot yenye vipimo saba ili uzi ubaki mwembamba ule ule machoni, herufi iwe kubwa au ndogo. Franco Maria Ricci, mwenyeji wa Parma, aliitumia Bodoni kwa jarida lake la sanaa FMR lililoanza mwaka 1982, akiipa karatasi nzuri na nafasi ya kutosha. Kadi ya harusi inaipokea vizuri, mradi jina la bibi na bwana harusi liwe kubwa na anwani ya ukumbi iandikwe kwa herufi nyingine. Palipo hatari ni maandishi meupe juu ya picha ya rangi nne. Wino wa pande zote huvamia nyuzi, na bamba moja likisogea hata kidogo, herufi huvunjika vipande. Karatasi ya magazeti inayonyonya wino nayo si mahali pake.

Wanaoiona kuwa herufi ya matajiri pekee, ya manukato na vito, wanaukumbuka ukurasa mmoja wa historia yake. Ni kweli Bodoni aliwachapia wafalme, na kitabu chake cha mwaka 1806 chenye Sala ya Bwana katika lugha 155 kilikuwa cha fahari hasa. Lakini watoto wa ukoo huo walichapa sheria, hesabu na vitabu vya shule kwa zaidi ya karne moja. Uhusiano na vito ni mazoea ya matangazo ya juzi. Gazeti la kijiji linaweza kuitumia kwa vichwa vyake vikubwa na lisimwibie mtu chochote.

Tangu mwaka 2016 zimekuwepo fonti ambazo faili moja hubeba michoro inayobadilika kadiri ya ukubwa. Bodoni Moda, inayopatikana bure kwenye Google Fonts, ni mojawapo: kivinjari kinapoonyesha aya ndogo, nyuzi hunenepa; kinapoonyesha kichwa, hukonda. Mpangaji wa tovuti hana cha kulipa wala cha kuchonga. Programu nyingi za kawaida za kuandikia bado haziutumii uwezo huo, kwa hiyo anayeandaa kitabu au programu ya mazishi kwa njia hizo inabidi achague mwenyewe, toleo la maandishi madogo kwa aya na la maandishi makubwa kwa vichwa, kisha achape ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika na ausome kwa umbali wa kawaida.